Barua ya Wazi kwa Walinzi wa Maadili ya Fedha Walioko Charlottesville

Kwa Waheshimiwa Wakuu wa Taasisi ya CFA,
Charlottesville, Virginia, Marekani.

Enyi ambao tangu mwaka 1963, mlipowatahini watu 284 wa kwanza katika mwaka ule ule ambao Katanga ilirudishwa Kongo kwa mtutu wa bunduki, mmejitwika dhamana ya kuwafunza washika mali za watu wasiihini amana, nawaarifu kwamba kitabu chenu cha maadili kimefika Bunia, huku Kongo, na kwamba kinasomwa. Husomwa usiku umeme ukiwapo, na mchana usipokuwapo. Na kanuni zenu saba nimezihifadhi kama mkatekumeni anavyohifadhi Amri Kumi, ingawa zile kumi ni fupi zaidi na hazina mtihani wa kuchagua jibu moja katika matatu.

Najua sasa kwamba hidaya ndogo ya desturi haimwondolei mchambuzi wa fedha uhuru wa rai yake, bali hidaya nono humpofusha. Kwamba penye sheria mbili, ya nchi na yenu, hufuatwa iliyo kali zaidi. Na kwamba, pasipo sheria isemayo vingine, kumbukumbu za kazi zafaa zitunzwe miaka saba. Hili la mwisho limewachekesha jirani zangu wanaosafiri njia ya Djugu, kwani kijikaratasi cha kupita wanachouziwa kwenye barieri moja hakiombwi kiishi miaka saba. Huombwa kiishi mpaka barieri ya pili, na huko aghalabu hakitambuliwi. Ama kuhusu sheria iliyo kali zaidi, jimbo letu la Ituri liliwekwa chini ya utawala wa kijeshi tarehe 6 Mei 2021, hivyo katika ukali hatukupungukiwa na kitu.

Iliyonishinda ni Kanuni ya Pili, inayoharimisha kufanya biashara kwa habari nzito ambayo bado haijatangazwa kwa umma. Mama muuza maharagwe wa soko la hapa Bunia, akipigiwa simu alfajiri na ndugu yake kwamba njia ya Komanda imefungwa kwa risasi, hupandisha bei kabla jua halijachomoza sawasawa, ilhali redio itaisema habari hiyo jioni, kama itaisema. Je, mama huyu amelihujumu soko? Nimepekua kitabu chenu nikakuta watu waliosikia siri za makampuni yanayotaka kuungana, na watu waliosikia hesabu za faida kabla ya siku yake. Aliyesikia risasi sikumkuta.

Hata hivyo msinidhanie kuwa mpinzani, kwani lipo sharti lenu moja ambalo nalistahi kuliko yote, nalo halimo katika kanuni saba bali katika maagizo ya kujiandikisha: kwamba mtahiniwa awe na pasipoti halali ya kusafiria. Sijui ni nani kati yenu aliyelitunga, lakini mtu huyo lazima alikuwa na maarifa makubwa ya mambo yetu, kwa sababu hakuna somo la maadili ya fedha linaloipita pasipoti ya Kongo. Mwaka 2015 serikali yetu ilifunga mkataba na kampuni ya Semlex ya Ubelgiji, pasipoti ikawa dola 185, bei ambayo mataifa mengi tajiri hayakuthubutu kuwatoza raia wao. Na mwaka 2017 shirika la habari la Reuters likafichua kwamba katika kila pasipoti dola 60 zilikwenda kwa kampuni iliyosajiliwa katika Falme za Kiarabu, na hazina ya taifa ikaachiwa dola 65. Bei imeshushwa tangu wakati huo, nasi hatukosi shukrani. Lakini mtafakarini, Waheshimiwa, kijana wa Bunia wa siku zile, mwenye ari ya kuidurusu Kanuni ya Sita, ile inayoamuru kwamba mtu akilipwa ujira kwa kumpeleka mteja mahali fulani, sharti ambainishie mteja ujira huo mapema ili ajue anachokatwa na anayekula. Ili apewe idhini ya kutahiniwa katika kanuni hiyo, kijana yule alilazimika kwanza kuukata kutoka mfukoni mwake ujira wa namna hiyo hiyo, ambao hakubainishiwa na mtu, ukaenda kwa kampuni asiyoijua katika nchi asiyoiona. Huyo alikuwa amekwisha kufanya mtihani kabla ya mtihani. Nami nauliza kwa insafu: mbona hamkumpa alama zake?

Sasa nifike kwenye dhahabu, maana barua yoyote itokayo Ituri, hata ikiwa ya posa, haina budi kufika kwenye dhahabu. Hiyo yetu iligunduliwa huko Kilo mwaka 1903, na tangu hapo haijapata kukaa nyumbani. Mwaka 2005 shirika la Human Rights Watch lilieleza jinsi AngloGold Ashanti, kampuni ambayo hisa zake zilikuwa zikiuzwa Johannesburg na New York, ilivyokuwa na uhusiano na wanamgambo wa FNI walioushika mji wa dhahabu wa Mongbwalu. Kampuni ikakiri kwamba dola 8,000 zililipwa, ikasema zilitozwa kwa ikirahi. Mwaka huo huo Metalor, msafishaji wa dhahabu wa Uswisi, akaacha kununua dhahabu itokayo Uganda, ambako yetu ilikuwa ikivushwa, na mwaka 2007 Baraza la Usalama likaziwekea vikwazo kampuni mbili za Kampala, Uganda Commercial Impex na Machanga. Ila njia hazikuzibwa, ziwe za Ariwara, za Mahagi, au za mitumbwi ya Ziwa Albert. Na kwa miaka kadhaa dhahabu imekuwa ya kwanza kwa thamani katika bidhaa ambazo Uganda huuza nje, ikaipita hata kahawa, ingawa migodi ya nchi hiyo ilikuwa midogo.

Hisa za wachimbaji na wasafishaji wa dhahabu huchambuliwa, na wanaozichambua wamo wenye shahada yenu. Sidai kwamba yeyote kati yao amevunja kanuni, na hilo hasa ndilo lililonikosesha usingizi, kwa kuwa nimezipitia zote saba na sioni aliyoivunja. Mchambuzi wa namna hiyo alikuwa na msingi madhubuti wa hoja, kwani bei ya dhahabu ilipanda kweli, alipambanua rai na hakika, hakupokea hidaya, wateja wake aliwatendea sawasawa, mkubwa na mdogo. Ama mchimbaji wa Mongbwalu, aliyezama matopeni hadi magotini, huyo si mteja, wala si mwajiri, wala si soko la mitaji, wala si mwanachama wa Taasisi. Na kitabu chenu, chenye milango saba, hakina hata dirisha la kumchungulia.

Kwa hiyo naleta ombi dogo. Mtihani wa daraja la kwanza una maswali 180, na maadili hupewa asilimia 15 hadi 20 ya uzito wake. Liongezwe moja liwe la 181, nami nimewapunguzia taabu ya kulitunga:

Mchambuzi aliyeko London anawashauri wateja wanunue hisa za kampuni ya kusafisha dhahabu. Anajua kwamba nchi inayoiuzia kampuni hiyo huuza dhahabu nyingi kuliko inayochimba, na jambo hilo amelitaja kwa herufi ndogo katika ukurasa wa mwisho wa ripoti yake. Je, amevunja kanuni gani? A: Kanuni ya Kwanza, ya kujua sheria. B: Kanuni ya Tano, ya msingi wa hoja. C: Hakuna aliyoivunja.

Mimi, kwa kuwa nataka kufaulu, nitachagua C bila ya kusita. Na kwa kuwa Taasisi imewahi kutangaza kwamba mtahiniwa anayening'inia baina ya kufaulu na kufeli huweza kuokolewa na alama zake za maadili, nitaibonyeza kwa nguvu zote ambazo kompyuta yenu itastahimili.

Naelewa kwamba Kanuni ya Saba inamkataza mtahiniwa kufichua maswali ya mtihani. Walakini swali hili, maadamu halijapata kuulizwa, nadhani ninayo ruhusa ya kulitangaza hadharani.

Nami ni wenu mtiifu,
Mtahiniwa wa Bunia