Yah: Ombi la Kufunguliwa Dawati la Wanaorejea

Kwa Rais,
Shirikisho la Kimataifa la Mchezo wa Baiskeli (UCI),
Aigle, Uswisi.

Mheshimiwa Rais,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Awali ya yote nakupa pole kwa majukumu na hongera kwa kurejea. Septemba 2025 mlileta mashindano ya dunia ya barabarani Kigali, mara ya kwanza kufika Afrika, mkafanya na mkutano mkuu humo humo, na wajumbe wakakurudisha kitini ukiwa mgombea pekee. Siku chache baadaye wanaume zaidi ya 160 walianza kilomita 267 za vilima na mawe, wakamaliza 30. Umejionea mwenyewe, basi, kwamba katika mchezo wenu kuna kupanda mlima wa Kwa Mutwe wa Kigali na kuna kupanda bila mpinzani. Barua hii inahusu aina ya pili.

Ninaandika kutoka Kanda ya Ziwa, Tanzania, ambako baiskeli moja hubeba mkaa asubuhi, mgonjwa mchana na bibi harusi jioni. Kwa hiyo usidhani ni mtu asiyejua pedali anayekusumbua.

Julai 2027 kifungo cha Miguel Ángel López, mwendesha baiskeli Mkolombia, kitakwisha. Mahakama yenu ilimfungia miaka minne kwa kutumia na kumiliki menotropini kabla ya Giro d'Italia ya 2022, jambo ambalo mwenyewe amelikana. Menotropini ni homoni wanayopewa wanawake wanaohangaika kupata mtoto, na kwa asili huchujwa kutoka kwenye mkojo wa wanawake waliokwisha koma hedhi. Mimi sina la kuongeza, ila kwamba katika Giro hiyo López alijitoa siku ya nne tu, kwa hiyo lolote lililokuwa likitafutwa, halikushika.

Atakuwa na miaka 33. Kwenye baiskeli huo si uzee. Tayari nawasikia watu wakiulizana: je, timu kubwa itampokea? Nawahurumia, maana wanabishana juu ya jambo ambalo lilishaamuliwa mwaka 2009. Timu aliyoitumikia López miaka mingi kuliko zote ni Astana ya Kazakhstan. Aliyemfukuza Desemba 2022 ni uongozi wa Astana. Na bosi wa Astana ni Alexander Vinokourov, ambaye katika somo la kurudi ana shahada zote.

Naomba nikukumbushe, Mheshimiwa, kwa sababu ofisi kubwa huwa na makabati mengi na funguo chache. Tour de France ya 2007, Vinokourov alianguka mapema, akashonwa magoti yote mawili, Kazakhstan nzima ikalia. Tarehe 21 Julai, pale Albi, magoti yale yale yakashinda mbio za mtu mmoja mmoja dhidi ya saa, yakimwacha Cadel Evans wa Australia kwa zaidi ya dakika nzima. Tarehe 23 yakashinda tena milimani, Loudenvielle. Tarehe 24, siku ya mapumziko mjini Pau, maabara ikaleta habari: ndani ya damu ya Albi kulikuwa na chembe nyekundu za watu wawili. Mmoja wao alikuwa Vinokourov. Wa pili hajafahamika hadi leo, na kwa maoni yangu ni mshindi wa hatua ya Tour ambaye amedhulumiwa kupita wote, kwani alipanda na kushuka bila hata kupewa namba ya mgongoni.

Utetezi ulikuwa kwamba alianguka, mapaja yakajaa damu, huenda ndiyo iliyovuruga vipimo. Kwamba mtu akianguka hujaa damu, sawa, kila mwendesha baiskeli wa Shinyanga anajua. Kwamba hujaa damu ya jirani, hilo tulikuwa hatujalipata. Na zilipozuka tetesi kuwa ilikuwa damu ya baba yake, alijibu kwamba ingekuwa ya mzee, vipimo vingeonyesha vodka.

Hapa nitoke nje ya mada kidogo. Tumezoea kuambiwa kwamba Wazungu hawana ukoo, kila mtu na mke wake na mbwa wake. Nimefuatilia mashauri yenu na nasema huo ni uongo mtupu. Mwaka 2002 Raimondas Rumšas wa Lithuania alimaliza Tour wa tatu, na siku hiyo hiyo mkewe akakamatwa na gari lililosheheni dawa; zilikuwa, ikaelezwa, za mama mkwe. Mwaka huo huo Gilberto Simoni wa Italia alikutwa na kokeini, ikaonekana zilikuwa pipi kutoka Peru alizoletewa na shangazi, na akasafishwa. Tyler Hamilton wa Marekani, mwenye kosa kama la Vinokourov, alileta hoja ya pacha aliyetoweka tumboni mwa mama akimwachia damu. Miaka baadaye akakiri kila kitu, na pacha akatoweka mara ya pili. Mbelgiji mmoja alisema dawa zilizokutwa nyumbani kwake ni za mbwa. Niambie, Mheshimiwa, ni ukoo gani wa Kisukuma ulioshikamana namna hiyo? Shangazi, mkwe, pacha marehemu na mifugo, wote kwa pamoja nyuma ya kijana wao.

Narudi. Shirikisho la baiskeli la Kazakhstan lilimpa Vinokourov adhabu ya mwaka mmoja. Ninyi, kwa heshima yenu, mlikata rufaa. Yeye alitangaza amestaafu, na baadaye akastaafu kustaafu. Mwisho wa hesabu ikawa miaka miwili, ikiishia 24 Julai 2009, siku mbili kabla Tour ya mwaka huo haijaingia Paris.

Wakati huo Astana ilikuwa chini ya Johan Bruyneel, ina Alberto Contador na Lance Armstrong ndani ya basi moja, na mishahara inachelewa kiasi kwamba kwenye Giro waendeshaji walivaa jezi ambazo majina ya wadhamini yamefifishwa makusudi. Katika hali hiyo, kabla tu ya Tour iliyoanzia Monaco, Vinokourov aliwaita waandishi wa habari huko huko Monaco, akasema timu hii iliundwa kwa ajili yake. Hakuomba nafasi. Alidai chake. Kama Bruyneel hamtaki, aondoke Bruyneel. Na kweli, msimu uliofuata Bruyneel na Armstrong walikuwa kwenye timu nyingine, na Vinokourov alikuwa ndani ya buluu ya Astana tangu mwisho wa Agosti.

Huku kwetu tunaye mtu huyo. Ni mweka hazina wa kikoba aliyekula fedha za akina mama, akasimamishwa, na siku ya kurudi akakuta wameshamwandalia kiti cha mwenyekiti kwa sababu sanduku la kuwekea fedha ni la kwake. Tofauti ni kwamba wetu huona haya kidogo wiki ya kwanza.

Nikiri kwamba hakurudi kulala. Aprili 2010 alishinda Liège–Bastogne–Liège, watu wakamzomea, naye akajibu kwa barua ya wazi. Kwa hiyo mimi si wa kwanza kutumia njia hii. Baadaye yeye na Alexandr Kolobnev wa Urusi walishtakiwa huko Liège kwamba ushindi ule ulinunuliwa, na mwaka 2019 mahakama ikawaachia huru, nami naheshimu mahakama. Julai 2012, London, akiwa na miaka 38, alitoroka na Rigoberto Urán. Karibu na mstari Urán akageuza shingo upande mmoja kuangalia wanaowafukuza, Vinokourov akaondokea upande wa pili, dhahabu ya Olimpiki ikaenda Kazakhstan. Kisha akawa meneja. Mwaka 2014 Vincenzo Nibali akaishindia timu Tour, na mwaka huo huo ndugu wawili wa timu, Maxim na Valentin Iglinskiy, wakakutwa na dawa ya EPO. Ofisi yenu ikaomba leseni ya Astana ifutwe. Tume yenu ya leseni ikatafakari, ikairudisha leseni mezani ikiwa nzima. Hata mji mkuu wenye jina la timu umejifunza: mwaka 2019 Astana iliacha jina lake ikaitwa Nur-Sultan, mwaka 2022 ikarudi kuwa Astana. Timu peke yake ndiyo ambayo haikuacha jina la Astana, maana ilijua mambo haya huisha.

Sasa mtazame Mdenmaki Michael Rasmussen. Ni wiki ile ile, mji ule ule wa Pau. Tarehe 25 Julai 2007, akiwa na jezi ya njano na zaidi ya dakika tatu mkononi, timu yake ya Rabobank ilimtoa mashindanoni kwa kuwa aliwaambia wapimaji yuko Mexico, na mtangazaji mmoja wa Italia alikuwa amemwona akijifua kwenye milima ya Dolomiti. Naye alifungiwa miaka miwili. Naye akamaliza mwaka 2009. Alisubiri timu kubwa imwite, na simu haikuita. Mwishowe kampuni moja ya saa huko kwao ikamwundia timu ndogo, nami nikaona ni utani wa Mungu: mtu aliyeshindwa kusema yuko wapi saa ngapi, anadhaminiwa na saa. Lakini mlango wa juu haukumfungukia tena. Kosa la Vinokourov lilipimwa kwenye chupa, la Rasmussen lilikuwa la mdomo. Dawa zake alikuja kuzikiri mwaka 2013. Adhabu zao zililingana. Kilichowatenga ni kwamba nyuma ya mmoja kulikuwa na serikali yenye mafuta na mji mkuu wenye jina la timu, na nyuma ya mwingine kulikuwa na Denmark, nchi ambayo ina siagi nzuri lakini haikuona sababu ya kumwundia mtu yeyote timu.

Majirani zetu Kenya wana orodha ndefu ya wanariadha waliofungiwa. Wakimaliza kifungo hurudi mazoezini kimyakimya, wakatafuta mbio za barabarani za mji wowote utakaowapa namba. Sijasikia wa Iten aliyewaita waandishi Monaco na kuwaambia kwamba mbio za marathoni ziliundwa kwa ajili yake.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo na halina gharama. Mna utaratibu wa kila kitu. Mna pasipoti ya damu tangu 2008, mna sheria ya urefu wa soksi, nasikia mnapima hata usukani. Fungueni basi Dawati la Wanaorejea, lenye fomu, mhuri na mhudumu anayekwenda kunywa chai saa nne. Anayerudi ajaze jina, uraia na aina ya damu; kama ni zaidi ya moja, aandike zote. Aambatanishe barua ya mjumbe wa nyumba kumi na vielelezo vya ndugu wanaohusika, hai na marehemu. Kisha lije swali lenyewe, lile ambalo miaka yote mmelijibu bila kuliandika: Je, timu iliundwa kwa ajili yako? Akijibu ndiyo, apite dirisha la kwanza, apewe jezi na kiyoyozi. Akijibu hapana, akae kwenye benchi hadi aitwe. López ajaze kama wengine, na bosi wake wa zamani, kwa uzoefu alionao, asaidie kumwelekeza mahali pa kusaini.

Na ukiwa unaagiza samani, Mheshimiwa, weka dirisha la tatu. Ile hatua ya Albi baadaye mlimpa Cadel Evans, na ya Loudenvielle mkampa Kim Kirchen wa Luxembourg. Mliwapa kwa karatasi. Maua yalikuwa yameshanyauka, jukwaa limeshafunguliwa na kupakiwa kwenye lori, wale waliopiga makofi wameshakwenda likizo. Evans alipoteza Tour ile kwa sekunde 23. Katika dirisha hilo, anayetaka kurudi timu kubwa afike kwanza yeye mwenyewe, mchana kweupe, kamera zikiwapo, akiwa na shada la maua alilonunua kwa fedha yake, amkabidhi aliyemfuata siku ile na asimame ngazi ya pili wakati wimbo wa taifa wa mwenzake unapigwa mpaka mwisho. Wimbo wa Luxembourg nasikia si mrefu. Baada ya hapo aende akavae jezi anayoitaka.

Naomba kuwasilisha.

Wako katika kukanyaga pedali,
Mpenzi wa baiskeli,
Shinyanga.

Nakala: Bwana Cadel Evans na Bwana Kim Kirchen, kwa taarifa.
Nakala ya Bwana Michael Rasmussen imerudi posta. Tuliituma Mexico.