Majibu ya Mshauri wa Wenye Magari: Taa ya Manjano na Boksi Lisilo na Hatia

SWALI: Bwana Mshauri, gari langu lililotoka Uingereza huwasha taa ya manjano ya matairi kila nitiapo ufunguo; humetameta kwa muda, kisha hutulia wala haizimi. Fundi amenibadilishia boksi la upepo mara mbili, la pili ghali kuliko la kwanza, na taa ingali inanitazama. Gari ni zima, tena nimelipamba kwa ringi nzuri nilizouziwa na jirani aliyeagiza lake Japani. Nifanyeje? — Aliyechoka, Mombasa.

JIBU: Ndugu Aliyechoka, malalamiko yako tumeyapokea kwa huzuni, ijapokuwa anayestahiki kuhurumiwa kwanza si wewe, bali ni lile boksi la asili, lililong'olewa mahali pake bila ithibati yoyote na kutupwa kwenye pipa la vyuma chakavu kwa taksiri ambayo yamkini halikuitenda. Taa hiyo ina kauli mbili. Ikiwaka na kutulia tangu mwanzo, maana yake tairi limepungua upepo. Bali ikimetameta kwa dakika moja au moja na nusu, ndipo ikatulia, inakiri kwamba haina habari ya matairi hata kidogo, kwa kuwa boksi na sensa hazisikilizani. Yako ni ya namna ya pili. Fundi wako alipata alipodhani mawasiliano yamekatika; alipotea alipolikamata boksi kwanza, kwa sababu tu ndilo lililokuwa karibu na mkono wake.

Sensa ni nne, kila moja imefungwa ndani ya ringi, kwenye shina la valvu, na kila moja ina betri ndogo iliyozibwa humo humo, hata ikiisha nguvu hapana budi kununua sensa nzima. Umri wa betri hizo aghalabu ni baina ya miaka 5 na 10. Kenya huruhusu gari la mtumba lisilozidi miaka 8 kuingia nchini. Basi piga hesabu mwenyewe, uone ni magari mangapi yashukayo melini Kilindini hali sensa zake zimo katika sakarati ya mauti, na wanunuzi wanasifu rangi.

Lakini jawabu lako hasa limo katika sentensi uliyoiandika kwa kupita, kama mtu aelezaye pambo. Magari ya Ulaya husikiliza sensa zao kwa masafa ya megahezi 433, ilhali ya Japani na Marekani aghalabu hutumia 315. Ringi za jirani yako, ikiwa zilikuja na sensa zake, zinasema kwa masafa ambayo boksi la Uingereza halikuumbwa kuyasikia. Na ikiwa zilikuja tupu, basi sensa zako za asili zimelala katika ringi za zamani, popote zilipo. Hata ukinunua maboksi kumi, taa itametameta mara kumi.

Na lau boksi lingekuwa limekufa kweli, jambo linalotokea hasa maji yanapopenya hadi kwenye plagi na pini zake zikaota kutu ya kijani, bado kubadilisha si kuchomoa na kuchomeka. Fundi mwenye insafu huanza kwa fyuzi, kisha huikagua plagi, kisha huchukua mashine ya kupimia na kulisoma boksi la zamani, maadamu lina uhai, ili anakili namba za sensa kabla hajafungua skrubu hata moja. Ndipo hutoa waya hasi wa betri, akafunga boksi lenye namba ya spea na masafa yale yale. Boksi jipya, msomaji wangu, ni bawabu aliyeajiriwa leo asubuhi: wenye nyumba wakibisha hodi, hawafungulii, kwa kuwa hakuna aliyempa majina yao. Majina hayo ni zile namba za sensa, na sharti yaingizwe kwa mashine, nne, au tano kama tairi la akiba nalo lina sensa. Zikiwa hazikunakiliwa, mashine ya kuamshia sensa huwekwa karibu na valvu, gurudumu moja baada ya jingine, maana sensa nyingi hulala gari linaposimama, nazo huamka kwa mzunguko wa gurudumu au kwa mwito wa mashine hiyo. Anayekuambia boksi la mtumba litajizoelea lenyewe barabarani, muulize kwanza ni gari gani analosema, kisha umlipe baada ya taa kuzima.

SWALI: Mume wangu ameibandikia taa hiyo kipande cha plasta nyeusi, asema sasa imepona. Naogopa kumkosea adabu. — Mke Mtiifu, Tanga.

JIBU: Dada yangu, usimbandulie, mwombe tu akupimie upepo asubuhi, matairi yakiwa baridi, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Taa hizi zililazimishwa Marekani kwa sheria ya mwaka 2000, baada ya Firestone kuyarudisha matairi milioni 6.5 kufuatia ajali za magari kupinduka. Nayo sheria hiyo, kwa magari yote madogo mapya tangu Septemba 2007, inadai taa iwake upepo ukipungua kwa asilimia 25. Tairi la kujazwa 32, basi, huweza kushuka hadi 24 ndipo taa iseme. Ikishafika kusema, imechelewa vya kutosha bila msaada wa plasta.

SWALI: Nina Volkswagen Golf ya kizazi cha saba. Fundi amenidai fedha za boksi la upepo na za kulifunga, lakini taa haikuzima. — Kijana, Nairobi.

JIBU: Mwanangu, gari lako halina boksi hilo wala sensa ndani ya ringi. Linatumia sensa za breki za ABS, zihesabuzo mzunguko wa kila gurudumu. Tairi lililopungua upepo hupungua nusu kipenyo, likazunguka upesi kuliko wenziwe, na gari likatambua. Jaza matairi yote kwa kipimo, kisha ulihifadhishe gari hali hiyo kwa menyu au kitufe chake. Hayo hayahitaji fundi. Na ikiwa bado taa inametameta, zipimwe sensa za ABS.

Ama kuhusu boksi ulilouziwa, kama lingali katika karatasi yake, lirudishe ukadai fedha zako. Na kama fundi anashikilia kwamba amekwisha kulifunga, mwombe kwa adabu akuonyeshe waya wake alikouchomeka, nami ningefurahi kualikwa siku hiyo.