Mradi Usio na Posho: Mwongozo kwa Wajukuu wa Shinyanga na Geita

Mradi huu hauhitaji mfadhili, gari wala fulana zenye nembo. Mtaji wake ni miguu miwili, masikio yasiyochoka na kidumu cha lita tano. Malipo ni michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, kama Bibi amebakiza.

1. Tafuteni mlengwa. Anzeni na bibi anayeishi peke yake, mwenye macho mekundu. Macho yale yamekula moshi. Miti ya Shinyanga ilifyekwa miaka mingi ili kufukuza mbung'o na kupanua mashamba ya pamba. Kuni zikawa adimu, kina bibi wakapikia mavi makavu ya ng'ombe, na moshi ukawaharibu macho. Kisha watu wakauita wekundu huo alama ya uchawi. Vikongwe wengi wa Usukumani wameuawa kwa mapanga kwa tuhuma hizo. Ndiyo maana bibi huyu anatangulia wengine wote.

2. Fungueni ofisi. Ofisi ni kivuli cha nyumba yake, Jumamosi asubuhi. Waageni wazazi, nendeni wawili au watatu, mpige hodi, msalimie: "Mwangaluka, mayu!" Tekeni maji, fagieni uwanja, kisha ketini. Ombeni hadithi, akimaliza ya tatu, dai lenu la nne ni halali kabisa. Ua unaojaa vicheko vya watoto hausingiziwi mambo kirahisi, na mtoto aliyelishwa viazi na Bibi hatakubali kuambiwa kuwa Bibi huyo ni mchawi.

3. Punguzeni moshi. Mleteeni kuni zilizokauka vizuri; mbichi ndizo zenye moshi. Halafu mwombeni mtu mzima anayejua kufinyanga jiko la udongo aje awaelekeze. Kazi yenu ni kukanyaga udongo. Siku hiyo matope hadi magotini ni sare rasmi ya mradi.

4. Lindeni kuni za kesho. Mwaka 1986 serikali ilianzisha HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, iliyofufua ngitili: desturi ya Wasukuma ya kutenga eneo la malisho lipumzike hadi kiangazi. Kwenye ngitili nyingi miti ilichipua yenyewe kwa sababu tu iliachwa ikue. Kwa hiyo mchungaji mdogo anayezuia mbuzi wake wasiingie ngitili kabla ya wakati anamtafutia Bibi kuni bila kushika shoka.

5. Hamishieni mradi darasani. Mwenzenu mwenye ualbino mara nyingi haoni vizuri ubaoni. Mpisheni dawati la mbele, msomeeni maandishi madogo, mwazimeni kofia jua likiwaka. Jioni rudini nyumbani kwa kundi, yeye akiwa katikati. Kanda hii imewahi kuwawinda watu kama yeye kwa imani za uchawi, na kundi la marafiki ni ulinzi usionunuliwa dukani.

6. Jueni mpaka. Huku kwenye dhahabu, mtoto hodari hualikwa haraka "akasaidie" duarani, yaani kwenye shimo la kuchimbia, au mwaloni, yaani mahali pa kuoshea dhahabu: kubeba mawe, kuyaponda, kuchanganya mchanga na zebaki. Kataeni. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataja uchimbaji wa madini na ubebaji wa mizigo mizito miongoni mwa kazi hatarishi kwa mtoto. Mvuke wa zebaki huumiza ubongo na mishipa ya fahamu, na ubongo unaokua huumia zaidi. Wazazi, jambo hili ni letu: mtoto akitoka kusaidia, arudi na mgongo mzima, mapafu mazima na muda wa kusoma.

7. Fanyeni tathmini. Baada ya mwezi, hesabuni watu wazima wanaopita kwa Bibi na kumjulia hali. Akipatikana hata mmoja ambaye zamani alikuwa akipita upande wa pili wa njia, mradi umefaulu. Mwachieni huyo mtu mzima zamu ya Jumatano, nanyi mkabishe hodi nyumba ya pili.