Kwa Kaka, Kwa Paka

Wanyama wa Singida walipata kwanza barabara ya lami, kisha wakapata pikipiki. Wa kwanza kununua alikuwa Sungura. Siku sita kwa wiki alibeba madumu ya mafuta ya alizeti kutoka Singida mjini hadi Manyoni, zaidi ya kilomita 100, akarudi na abiria. Masikio yake marefu aliyakunja mara mbili, akayashindilia ndani ya helmeti, akavuta mafuta.

Anayeijua njia ile anaujua upepo wake. Kiangazi unatembea nchi nzima bila kukutana na kitu cha kuuzuia. Sungura alidhani kinachomchosha ni injini, akapeleka pikipiki kwa fundi, ekzosi ikabadilishwa, na bado kichwa kiliuma. Kumbe pikipiki ikishaacha mwendo wa mjini, kelele kubwa si ya injini tena. Ni upepo unaojikata kwenye ukingo wa helmeti, hapa chini ya taya, ukanguruma ndani kwa ndani kama lori lisilomaliza kupita. Helmeti inalinda fuvu, na isivaliwe kwa mzaha. Sikio imeliacha lijitetee lenyewe.

Jioni akifika kijiweni na kuvua helmeti, nyenje walikuwa wanamlilia kichwani. Mwaka wa kwanza walinyamaza kabla hajala. Mwaka wa pili walinyamaza alfajiri. Mwaka wa tatu hawakunyamaza.

Aliyemwonya wa kwanza ni Jogoo wa Ikungi. Alipanda nyuma siku moja, akashuka manyoya yamesimama, akasema, "Mjukuu wangu, ziba masikio ukiwa njiani. Hiyo si kelele ya kuachia mlango wazi."

Maneno hayo yalifika kijiweni kabla ya Jogoo kufika nyumbani. Na kwetu, mzazi akitaka kumtukana mtoto mkaidi humwambia ametia pamba masikioni. Sasa mzee mzima anamshauri dereva atie pamba masikioni! Punda, mwenyekiti wa kijiwe, akaitisha baraza chini ya mbuyu.

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," alianza Punda, "na huyu atalisikiaje? Lori likipiga honi nyuma yake, itakuwaje?"

Nyani mweka hazina akaongeza kwamba mwenye mbio za kweli haogopi kelele, na kwamba masikio yameumbwa wazi. Kuyaziba ni kumkosoa Muumba.

Jogoo akasimama. "Nani amewaambia yote yameumbwa wazi? Sungura, njoo hapa. Fukua manyoya yangu, chungulia sikioni."

Sungura akafukua kwa ukucha mmoja, taratibu, mpaka akaona tundu dogo, jekundu, lenye unyevu. Jogoo akanyoosha shingo, akafungua mdomo wote, akawika. Wanyama wakaruka nyuma. Sungura peke yake hakuruka, kwa sababu alikuwa ameona: mdomo ulipopanuka, tundu lilijifunga. Jogoo alipomaliza, likafunguka.

Hili sikulitunga. Mwaka 2018 watafiti wa Ubelgiji walichapisha matokeo ya kupima majogoo wakiwika, vipaza sauti vikiwa karibu na masikio yao wenyewe, na kwa mmoja sauti ilipita desibeli 140. Walikuta kwamba mdomo ukifunguka kabisa, njia ya sikio la jogoo huziba. Anawika kila alfajiri na hawi kiziwi, maana kizibo chake amezaliwa nacho.

"Na mimi," ilisema sauti kutoka juu ya mbuyu. Alikuwa Popo, ananing'inia kichwa chini. "Mimi naishi kwa sikio. Kila ninapopiga ukelele wa kutafuta njia, msuli ndani ya sikio langu hukaza kwanza, kisha hulegea nisikie mwangwi. Nisingekaza, ningekuwa kiziwi na njaa ingeniua. Sasa sikilizeni hesabu. Sikio lina posho yake ya siku. Kelele ya desibeli 85 hulivumilia kwa saa 8. Ongeza desibeli 3 tu, muda unakatwa nusu. Ongeza 3 nyingine, nusu ya nusu. Ikifika 94 imebaki saa moja, ikifika 100 ni robo saa. Kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa, upepo ndani ya helmeti unafika 95 na kupita. Sungura, hujaiona Manyoni umeshakula posho ya kesho."

"Na honi?" akadai Punda.

"Anayekinga jua kwa kiganja hajifichi njia, anaitafuta," Jogoo akajibu. "Kizibo kinapunguza upepo na honi kwa pamoja. Lori lililokuwa linaushinda upepo litaendelea kuushinda. Tofauti ni kwamba sikio halijalewa kelele, linatambua lipi ni lori na lipi ni upepo."

Baraza likapiga kura. Ikaamuliwa kwamba dereva atakayeziba masikio asipewe abiria. Sungura, ambaye masikio yake ndiyo yaliyokuwa yakizungumzwa, aliinua mikono miwili.

Ukapita msimu wa alizeti na mwingine. Jioni moja, giza linaingia, Mama Panya alimsimamisha akiwa na kifurushi cha karanga. Mtoto wa kaka yake amezaliwa. "Nipeleke kwa Kaka," akasema.

Sikio linaloharibiwa na kelele halizimiki lote kwa mkupuo. Linaanza kuachia sauti nyembamba: filimbi, ndege wadogo, sauti za watoto. Katika maneno, irabu hubaki zimesimama, na herufi nyepesi kama s, f, t, k na p hupeperuka au huvaana nguo. Ndiyo maana wengi walioumia hivi husema, "Nakusikia, ila sikuelewi." Sungura alisikia neno lenye a mbili. Mwanzo wake akajijazia mwenyewe.

Akampeleka kwa Paka.

Taa ya pikipiki ilimulika ua wa nyuma ya mashine ya kukamua alizeti, na juu ya kizingiti mkia ukajisogeza. Mama Panya alipiga kelele mgongoni pa Sungura, kelele nyembamba kuliko zote alizowahi kupiga maishani. Sungura akatulia, anazima injini, anahesabu chenji. Hakusikia chochote mpaka alipohisi kucha nne ndogo zimemng'ang'ania shingoni, zinatetemeka. Alipogeuka akaona macho mawili ya kijani. Wakaondoka hapo bila taa, karanga zikimwagika njia nzima.

Usiku ule alimgongea Jogoo. "Babu, nimekuja kuziba."

Jogoo akampa vizibo vya sponji. Sungura akauliza kama pamba ya dukani isingetosha, akaambiwa pamba ni ya kutukania watoto, upepo unaipita kama haipo. Kisha akauliza lile lililomleta.

"Na yaliyopotea, yatarudi lini?"

Jogoo alikaa kimya muda mrefu. Ndani ya sikio mna seli zenye vinyweleo vidogo mno. Binadamu huzaliwa nazo zipatazo 15,000 kila sikio, na kelele huzilaza kama mtama uliopigwa na mvua ya mawe. Mwaka 1988 wanasayansi walitangaza kwamba za ndege, zikifa, huota upya. Za mamalia hazioti.

"Mimi ndege," Jogoo akasema, akiangalia chini. "Nina kizibo cha kuzaliwa, na hata kikinishinda, yangu huota tena. Wewe hukupewa hata kimoja katika hivyo viwili. Ndiyo maana nilikuanza wewe."

Sasa Sungura amezeeka. Abiria humtajia mahali mara mbili, naye huwatazama midomoni. Juzi alfajiri alimkuta Digidigi, dereva mpya kijiweni, anavaa helmeti kwa safari yake ya kwanza ya Manyoni. Akamzuia mkono. Akamwambia anawe vidole, kisha azungushe sponji mpaka iwe nyembamba kama kijiti cha kiberiti. Akampitisha mkono wa pili juu ya kichwa, alivute sikio juu na nyuma, mfereji unyooke, aingize, ashikilie kwa kidole. Wakahesabu pamoja hadi 30, sponji ikivimba polepole na kujaa. Sikio la pili vivyo hivyo. Helmeti baadaye.

Digidigi akatikisa kichwa, akashangaa.

"Mzee, mbona bado nakusikia vizuri?"

Sungura akamsogelea, akamtazama mdomo.

"Rudia, mwanangu," akasema. "Umesemaje?"