Asilimia 41

Punda aliyekuwa akimvuta alisimama mara tatu kabla ya kufika Lamu mjini: mara ya kwanza kula majani, mara ya pili kukojoa, na mara ya tatu bila sababu yoyote ila kugeuka na kumtazama. Nyuma ya punda ilifuata kamba ya usumba, nyuma ya kamba pikipiki mpya ya umeme, kioo chake hakijabanduliwa nailoni ya dukani. Na juu ya pikipiki, ameshika usukani kwa heshima zote kama mtu anayeendesha, alikaa mwandishi wa makala haya. Ilikuwa wiki jana, saa kumi alasiri, wakati ambao watu wa Matondoni na watu wa Lamu hupishana njiani. Wote walimsalimia. Hakuna aliyemcheka usoni. Walingoja apite hatua tano.

Kioo kilikuwa bado kinasema 41.

Asubuhi ya siku hiyo alikuwa amewahutubia wazee barazani. Hii haina kabureta, aliwaambia, haina plagi, haina oili ya kumwaga. Ukipunguza vinavyoweza kuharibika, umepunguza kuharibika. Mzee mmoja aliuliza jambo moja tu: "Ikizima, anayeijua ni nani?" Mwandishi aliliona kuwa swali la kizamani.

Akaenda Matondoni kuchukua mikeka miwili. Akaongezewa na gunia la nazi, kwani ni nani akataaye nazi? Katikati ya njia, mchanga ukawa mwingi. Gurudumu la nyuma likazama. Akavuta mafuta, kama wasemavyo madereva, ingawa mafuta yenyewe hayakuwemo. Mota ikavuma, ikavuma zaidi, kisha kimya. Pikipiki ya petroli hufa kama mzee: hukohoa, hulalamika, huusia. Hii ilikata kama simu.

Alifanya kila ambalo mwanamume hufanya akitazamwa. Alizima akawasha. Aliinama akachungulia chini, mahali ambapo hakukuwa na chochote cha kuchungulia. Alifungua kiti, akaona boksi jeusi lenye karatasi iliyoandikwa "usifungue". Ndipo akatokea kijana na punda wake, shogi tupu.

"Ami, imekwisha chaji?"

"La. Iko 41."

Kijana akatazama kioo, akatazama mchanga. "Basi hizo 41 ziko wapi?"

Swali hilo lilimkosesha mwandishi usingizi, na jibu lake ni tamu kuliko alivyotarajia. Tangi la petroli hufunguliwa kifuniko likatikiswa. Betri haichunguliwi. Kompyuta ndogo iliyomo ndani yake hukisia tu: huhesabu umeme unaoingia na unaotoka, kama mama anayehesabu kata za maji alizochota mtungini bila kuufunua mtungi. Kata moja ikimwagika bila kuhesabiwa, hesabu imepotoka, na itazidi kupotoka hadi siku betri itakapojazwa pomoni. Kompyuta inaweza pia kupima volti, lakini zipo betri za lithiamu, hasa zile zenye chuma na fosfati, ambazo volti zake hukaa karibu palepale tangu betri ikiwa imejaa mpaka iwe inakaribia kwisha. Ni bahari ya maji mafu: unasimama ufukweni, hujui kama yanajaa au yanakupwa.

Tena betri ya volti 72 si kitu kimoja. Seli moja ya lithiamu hutoa volti tatu na ushei, kwa hiyo ishirini na kadhaa hupangwa mstari, mkia kwa kichwa, na umeme sharti uzipitie zote. Humo ndani yumo mlinzi anayeikagua kila seli peke yake. Mchanga ukidai nguvu nyingi kwa ghafla, seli iliyo dhaifu volti zake hudidimia, na mlinzi hukata umeme wote ili ile moja isiharibike moja kwa moja. Fikiria mashua ya makasia ishirini. Mpigakasia mmoja akizirai, nahodha huyu hasemi "endeleeni". Huamuru wote waweke makasia ndani, na hao kumi na tisa hukaa wakitazamana, nguvu tele mikononi.

Hizo ndizo zile 41.

Aliyasoma haya usiku, mgongo ukimuuma, akajikuta anaipenda pikipiki kuliko asubuhi. Akatafuta na wenzake wa kufarijiana nao. Machi 2024, Hyundai na Kia ziliita magari ya umeme karibu 147,000 huko Marekani yarudi gereji. Betri kubwa ingeweza kuwa imejaa chini ya sakafu, na gari bado likafa njiani, kwa kuwa kifaa cha kuichaji ile betri ndogo ya volti 12 kilikuwa na kasoro. Bila ndogo, kubwa haiwezi hata kujifungulia swichi. Ni tajiri aliyebaki nje ya nyumba yake kwa kuwa mtoto mwenye ufunguo amelala. Desemba mwaka huohuo, jarida la Consumer Reports lilisema magari mapya ya umeme yana matatizo asilimia 42 zaidi ya yale ya petroli. Lakini huko Ujerumani, chama cha wenye magari cha ADAC kimehesabu kinyume: kwa magari ya miaka miwili hadi minne, ya umeme yaliyozima njiani ni 4.2 katika kila 1,000, na ya injini ni 10.4.

Tofauti ni kwamba ADAC ndio wanaopigiwa simu, na wakipigiwa huja.

Mwandishi naye alipiga simu. Fundi yuko Mombasa, zaidi ya kilomita 300, bila kuhesabu boti ya kuvuka kutoka Mokowe. "Tunaiona hapa," alisema msichana wa simu kwa upole. "Seli nambari 14." Kumbe pikipiki ina laini yake ya simu, na ilikuwa imekwisha kuwapelekea habari kabla mwenyewe hajashuka kitini. Na dhamana? Dhamana haihusu mchanga wala maji ya chumvi. Hapo ucheshi ulimwishia. Walimuuzia mtu wa Lamu, wakapokea fedha yake yote wakijua anakoishi, kisha wakaandika kwamba chombo kisiguse mchanga wala chumvi: kisiwa kizima, basi. Punda akichechemea hapa, ana kliniki tangu 1987, ya shirika la Donkey Sanctuary la Uingereza, na hutibiwa bure.

Mipango ya juu haikukosekana. Septemba 1, 2023, Rais William Ruto alizindua mpango wa pikipiki za umeme mjini Mombasa, wiki moja kamili baada ya nchi nzima kulala gizani.

Siku ile ya punda, ukingoni mwa Mji wa Kale wa Lamu, ambako bodaboda zimepigwa marufuku, askari wa kaunti alikuna kichwa: marufuku ni ya pikipiki inayokwenda, na hii ilikuwa mzigo wa punda. Akawapisha.

Jumatatu ilizima tena, kwa mvua. Jumatano ilikuwa nzima lakini stima ilikatika. Alhamisi ilizima mbele ya msikiti, watu wakitoka.

Sasa kila alasiri, saa kumi kasorobo, kijana hupita mlangoni na punda wake, kamba ya usumba imekwisha kufungwa fundo.

"Ami, leo watoka?"