Mshauri wa Watazamaji

*Bwana Mshauri, nimekesha nikiitengeneza MythTV katika kompyuta yangu ili irekodi tamthilia za mke wangu. Sasa inarekodi barabara, lakini yeye ameapa kutoigusa. Nifanyeje? — Fundi Asiyeshukuriwa, Mombasa.*

Ndugu yangu Fundi, barua yako nimeisoma kwa huruma, kisha nikairudia kwa niaba ya mkeo, na huruma ikazidi. Programu uliyoichagua si haba: Isaac Richards aliianza mwaka 2002, haina bei, na tangu asili imegawanyika pande mbili, mmoja ni wa mtumishi akaaye macho usiku na mchana akirekodi na kuhifadhi, na wa pili ni wa mtazamaji asiye na haja ila kuchagua na kutazama, ilhali wewe, kwa mujibu wa maelezo yako, pande zote mbili umezifungia katika kompyuta moja iliyoko mezani pako, yenye feni ingurumayo, ambayo mkeo hawezi kuikaribia pasina kukuondoa wewe kwanza kitini.

Mtenge mtumishi. Kompyuta kuukuu yatosha, kwani kurekodi matangazo ya dijitali ni kuyaandika katika diski vile vile yalivyopokelewa, kazi isiyotaka nguvu nyingi. Kisha sebuleni weka programu ya kutazamia iitwayo Kodi, ambayo kwa nafsi yake hairekodi kitu, bali husikilizana vyema na programu za kurekodi kama MythTV, Tvheadend au NextPVR, nayo huendeshwa kwa rimoti na mtu aliyejinyoosha kochini, asiyetaka kujua jina la programu wala la aliyeiweka.

Hata hivyo nashuku kwamba kiini cha ghadhabu ni kingine. Wasema umeiamuru MythTV ianze saa mbili kamili na kukoma saa tatu kamili, kana kwamba stesheni zetu zimekula yamini juu ya saa! Iamuru itangulie dakika mbili na ikawie kumi. Mwanamke aliyekatiwa tamthilia pale pale bwana harusi anapotaka kutambulikana kuwa ni nduguye bibi harusi, kisha akaelezwa kwamba ratiba ilifuatwa kwa ukamilifu, amekwisha kuonyesha subira kubwa kwa kuapa tu.

*Mshauri, binamu yangu ameniletea kutoka Uingereza kidude cha kuchomeka katika kompyuta ili kipokee televisheni. Kila programu niliyoijaribu haioni hata chaneli moja. Ipi inaona? — Kipofu wa Nairobi.*

Hakuna, ndugu, nawe umezilaumu programu zisizo na hatia. Kenya hurusha matangazo kwa mfumo wa DVB-T2, na vidude vingi vya zamani vya Ulaya hufahamu DVB-T peke yake. Soma maandishi ya kwenye boksi kabla ya kumshukuru tena binamu. Fauka ya hayo, chaneli za kulipia hufungwa kwa siri ambayo king'amuzi cha kampuni ndicho chenye ufunguo wake, basi usiiombe programu yoyote ikufungulie.

*Mwanangu ameiweka Windows 10 katika kompyuta yangu, na Media Center yenye vipindi vyangu vyote imetoweka. Nimemnunia. — Bi Mkubwa, Unguja.*

Bi Mkubwa, shikamoo. Mtoto hana kosa, kwani Microsoft wenyewe ndio walioiondoa Media Center walipoitoa Windows 10 mwaka 2015. Aghalabu vipindi vingalimo katika diski, katika faili ziishazo kwa herufi WTV, na madhali havikufungwa na stesheni, Kodi itavichezesha. Kwa kurekodi vipya, NextPVR yafaa katika Windows, wala haidai malipo. Lakini kuiweka na kuilinganisha na antena ni kazi ya kijana, kwa hiyo nakusihi uache kumnunia mwanao leo hii, kabla hajasikia kwamba anahitajika.