Moyo Kijana, Magoti Hayakushirikishwa

"Umri ni namba tu," husema jirani yangu, karani mstaafu, huku akiisogeza simu mbali na uso apate kuisoma hiyo namba. Mkataba wa Vijana wa Afrika wa mwaka 2006 unamtambua kijana kuwa ni mtu wa miaka 15 hadi 35. Mzee wangu huyu alitoka humo zamani, ila hakuaga.

Ijumaa hupaka piko. Nywele zinakuwa nyeusi kuliko zilivyopata kuwa ujanani, na foronya nayo vilevile. Jumapili kuna bonanza la maveterani: dakika 10 uwanjani, siku 3 kitandani, mkewe akimkanda kwa maji ya moto na moyo ukiendelea kuwa kijana. Juzi watoto wa kijiweni walimwamkia, "Shikamoo!" Akajibu, "Mambo!" Shikamoo ya watu ikabaki hewani, haina wa kuipokea.

Sisemi mtu azeeke kwa kununa. Mwimbaji Bi Kidude wa Zanzibar, ambaye hata mwaka wake wa kuzaliwa haukujulikana kwa hakika, alipewa tuzo ya muziki ya WOMEX mwaka 2005 akiwa bibi kizee, na ngoma yake kiunoni na sigara mkononi zilimjulisha duniani hadi alipofariki mwaka 2013. Lakini sijasikia kwamba alimsimamisha mtu njiani kumuuliza, "Hebu nikadirie, nina miaka mingapi?"

Jirani ameniuliza mara nne mwezi huu. Siku hizi natoa ishirini kwanza, ndipo nijibu.